Anti, nimeshika mbili na zote zinaniponyoka

Toleo lililopita nilijibu swali moja tu, la mama aliyetaka kugeuza kona ya chumba cha kulala iwe studio, nikajua limeisha. Kumbe nimefungua bomba. Barua zimemiminika mpaka mhariri kanipigia simu kuuliza kama nimetangaza shindano bila kumwambia. Karibu zote zinazungukia jambo lilelile, mtoto na sanaa vinakaaje nyumba moja bila kimoja kumla mwenzake, kwahiyo safari hii ukurasa wote nimewapa wamama (na baba mmoja, mtamkuta mwishoni). Nyingine nimezifupisha na majina yote nimeyatoa.

*Anti shikamoo. Mimi ni mchoraji, natumia rangi za mafuta. Kabla sijajifungua nilikuwa nachora usiku, naanza saa tatu namaliza saa tisa, simu nimezima, hakuna wa kuniita. Sasa nina mtoto wa miezi minane. Akilala nakimbilia kwenye picha, nafunua rangi, nachanganya, nakaa naitazama nikumbuke nilikuwa nawaza nini, nikishakumbuka tu analia. Tangu azaliwe sijamaliza hata picha moja. Mama mkwe anasema mshika mbili moja humponyoka, niache kwanza nilee. Naogopa nikiacha ndo nimeacha. Je nimekwisha? (Mchoraji wa usiku)*

Marahaba mwanangu. Hujakwisha. Kilichokwisha ni ile namna yako ya kuchora, walau kwa sasa, na nadhani hicho ndo unachokililia, na una haki ya kukililia maana masaa sita ya usiku peke yako na picha ni raha ambayo asiyeijua huwezi kumweleza.

Hebu rudia kusoma ulichoniandikia mwenyewe. Nafunua, nachanganya, natazama, nakumbuka. Unaona? Mtoto hajakunyang'anya muda wa kuchora, kakunyang'anya muda wa kuanza. Zamani kuanza kulikula nusu saa ukabakiwa na masaa matano na nusu, hukuona kitu. Sasa hivi usingizi wake ni dakika arobaini na ile nusu saa bado iko palepale, kwahiyo unachora dakika kumi halafu unajiona mvivu.

Basi kazi yako ya kwanza ni kuitoa hiyo nusu saa kwenye usingizi wa mtoto. Mimi nilifanya hivi na bado nafanya ingawa wangu wameshaota ndevu: kabla sijaacha brashi naandika kwenye kikaratasi mkono utafanya nini nikirudi. Sio "endelea na uso", hiyo haisaidii, ukirudi utakaa tena kutazama. Andika "kivuli chini ya kidevu, ongeza kijani kidogo, brashi bapa ya pili". Nabandika nyuma ya turubai kwa selotepu. Nina picha moja ukiigeuza ina vikaratasi kumi na vinne, na mbele haionyeshi kama ilikatwakatwa. Kuchanganya rangi nako kuwe zamu yake, usingizi mmoja unachanganya tu, unaweka kwenye vikopo vidogo vyenye mfuniko, rangi ya mafuta ikifunikwa vizuri inakaa siku kadhaa, ikishika ngozi juu unaitoboa unachota ya chini. Ukihamia akriliki, ambayo yenyewe inakauka ukiwa bado unapiga chafya, weka sponji lenye maji kwenye boksi la kufunika, juu yake karatasi ya kuokea, halafu rangi juu ya karatasi. Itakungoja siku mbili tatu.

Na hapo kwenye mafuta nikusimamishe kidogo. Mtoto wa miezi minane anatambaa, kila kitu kinaenda mdomoni. Tapentaini itoke ndani ya nyumba. Na zile zinazoandikwa hazina harufu nazo zinatoa mvuke, ni pua tu ndo hazisikii. Brashi unaweza kuzisafisha kwa mafuta ya kitani yenyewe halafu sabuni na maji. Angalia tyubu zako, nyeupe yenye risasi na zile za kadimiamu zifungie juu kabisa mpaka atakapokuwa na akili. Na jambo ambalo hata wachoraji wa siku nyingi wanalidharau, vitambaa vyenye mafuta ya kitani ukivikunjakunja ukavirundika kwenye ndoo vinajipasha joto vyenyewe mpaka vinawaka moto bila kiberiti. Vitandaze vikauke nje kimojakimoja, au vizamishe kwenye maji ndani ya kopo la bati lenye mfuniko. Kama yote haya yanakuchosha hata kuyasoma, chukua mwaka mmoja wa wino na rangi za maji. Sio kushuka daraja. Mimi miaka miwili nilitoa vipande vya ukubwa wa kadi ya posta tu, mtoto kalala, mkono wa mtoto, mguu wa mtoto, na mkono wangu haujawahi kuwa mwepesi kama wakati ule.

Barbara Hepworth, mchongaji wa Uingereza, mwaka 1934 alijifungua watoto watatu kwa mpigo, na mwingine mkubwa alikuwa naye tayari. Aliamini kwamba mtu ukifanya kazi yako kidogo kila siku, hata nusu saa, yale maumbo yanaendelea kukua kichwani. Watu wanapenda kulirudia hilo kuwatia moyo wamama, ila wanasahau kusema kwamba alikuwa na watu wa kumsaidia kulea. Nusu saa inaweka moto usizimike, haiivishi chungu. Kwahiyo hiyo nusu saa ya kila siku chukua, lakini pia dai asubuhi moja nzima kwa wiki, na hiyo haitoki kwenye usingizi wa mtoto, inatoka kwa mtu mwingine.

Ndo tunarudi kwa mama mkwe. Usibishane naye methali. Wazee waliosema mshika mbili ndo haohao waliosema kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana, na walilima na kusuka ukili mtoto akiwa mgongoni, na mtoto akiwa mgongoni mikono yote miwili iko huru. Wewe mwombe tu kwa adabu akushikie mjukuu wake Jumamosi asubuhi. Akikubali mjadala umeisha.

Kuhusu kuacha, Berthe Morisot, mchoraji wa Ufaransa, alishiriki maonyesho ya kundi lake la wachoraji walioitwa waimpreshenisti huko Paris, yalikuwa manane kati ya 1874 na 1886, akakosa moja tu, la 1879, alikuwa kajifungua binti miezi michache nyuma. Akarudi, na huyo binti akawa ndo mtu aliyemchora zaidi.

*Dada habari. Niko mwaka wa mwisho wa stashahada ya sanaa, nimebobea ufinyanzi. Nina mimba ya miezi minne. Mhadhiri wangu kaniambia mbele ya wenzangu nichague moja, stashahada au mtoto, eti udongo haumsubiri mtu. Maonyesho ya kumaliza ni baada ya miezi mitano, yani ndo siku zangu. Nimelia wiki nzima, wenzangu wananiambia nimwombe msamaha. (Udongo mbichi)*

Umwombe msamaha wa nini? Na huyo ni mfinyanzi wa wapi anayesema udongo haumsubiri mtu! Udongo ukiufunika kitambaa chenye unyevu na plastiki juu unakungoja wiki na zaidi, na hata ukikukaukia kabla haujachomwa unauvunja, unauloweka, unakuwa udongo upya. Kama kuna kitu chenye subira kwenye sanaa nzima ni hicho. Nimekasirika kwa niaba yako, sasa tufanye kazi.

Usirudi ofisini kwake kuongea mdomo kwa mdomo. Kwanza tafuta kanuni za chuo zinasemaje kuhusu kuahirisha masomo, kuongezewa muda, na uzazi, usisubiri mtu akusimulie, soma mwenyewe. Halafu andika barua fupi, au imeili, kwa mkuu wa idara, nakala kwa mhadhiri na kwa ofisi ya wanafunzi. Usimshtaki mtu kwenye barua ya kwanza. Sema una ujauzito, unatarajia lini, unataka kumaliza, na uliza mambo matatu: naweza kuwasilisha kazi mapema, naweza kuongezewa muda, na nikiahirisha, ada na mkopo au ufadhili wangu na chumba cha hosteli vinakuwaje. Hilo la mwisho ndo linaumiza watu, wanaahirisha kwa moyo mweupe wakirudi ufadhili umekufa. Weka tarehe. Majibu yote yawe kwa maandishi, na siku ile aliyokusema mbele ya wenzako iandike pia mahali, nani alikuwepo, maneno gani, uweke tu.

Ukiniuliza mimi, wasilisha mapema. Miezi mitatu ijayo fanya vyote vinavyohitaji mikono na mgongo, mwezi wa nne wengine wakuchomee vyombo, wewe kaa uandike maelezo ya kazi na upige picha. Kuna watakaokushauri uahirishe ukapumzike, na kama daktari akisema hivyo basi hivyo, lakini nimeona wengi walioacha kazi ya mwisho nusu wakiwaza wataimalizia na kichanga mkononi, na ile kazi iko nusu mpaka leo.

Lakini karakana ni lazima ibadilike kuanzia kesho. Vumbi la udongo mkavu lina silika, linaharibu mapafu, kwahiyo usifagie, futa kwa kitambaa kibichi, wala usipige msasa vyombo vikavu. Glezi za unga, zile za kupaka vyombo ving'ae, usipime wala kuchanganya mwenyewe, zingine zina risasi, bariamu, manganizi, mwenzako apime wewe umsaidie kitu kingine. Tanuri likiwaka usikae chumba hichohicho. Magunia usinyanyue. Orodha ya unavyovigusa mpelekee mkunga au daktari kama ilivyo, hawawezi kujua wenyewe mfinyanzi anashika nini.

Mchoraji mmoja wa Ufaransa, Élisabeth Vigée Le Brun, kasimulia mwenyewe kwamba siku ya kujifungua bintiye, mwaka 1780, alikuwa bado anapaka rangi katikati ya uchungu. Sikuambii umuige, mi mwenyewe naona alizidisha. Nakuambia ili ukikutana na huyo mhadhiri korido uwe na kitu cha kuchekea moyoni.

*Mwanangu wa mwisho kaingia chuo mwaka huu na mimi nataka kuingia, kusomea uchoraji, nina miaka 47. Niliacha nikiwa na 22 nilipopata mimba ya kwanza. Wanangu wanacheka kwa upendo, mume wangu hacheki ila hasemi kitu. Nitaonekana bibi darasani? (Wa zamani)*

Utaonekana bibi wiki ya kwanza, ya pili watakuwa wanakuazima kifutio.

Umri kwenye sanaa ulikuwa geti kweli, sikudanganyi. Tuzo ya sanaa ya Turner kule Uingereza kuanzia 1991 ilikuwa haimpi mtu aliyefika miaka 50. Mwaka 2017 wakakiondoa hicho kikomo, na mwaka huohuo akashinda Lubaina Himid, mzaliwa wa Zanzibar, akiwa na miaka 63. Mchongaji Louise Bourgeois alilea wana watatu, jumba la sanaa la MoMA la New York lilipomfanyia maonyesho makubwa ya kazi zake zote ilikuwa 1982, bibi ana miaka 70, na yule buibui wake mkubwa anayezidi mita tisa, aliyempa jina la mama, ni wa 1999. Lakini ninayempenda zaidi ni Rosemary Karuga wa Kenya. Aliingia Makerere mwaka 1950, mwanamke wa kwanza kusomea sanaa pale, akamaliza, akarudi, akafundisha shule, akalea. Alikuja kujulikana kwa kazi zake mwishoni mwa miaka ya 1980, akikaribia 60. Rangi zilikuwa ghali, akachukua makaratasi ya kufungia bidhaa, akakata vipande vidogovidogo, akabandika, zikatoka kolaji ambazo ukisimama mbali unaapa ni brashi.

Sasa la kwako. Chuo kitakuomba mkusanyo wa kazi na kosa la watu wa umri wetu ni kupeleka picha zilizomalizika vizuri, zenye fremu, nyingi zimenakiliwa kutoka kwenye picha za simu. Walimu wanataka kuona unavyofikiri. Peleka daftari la michoro lililochakaa, michoro ya vitu ulivyokaa mbele yake kwa macho yako, kiti, mikono ya mumeo asiyesema kitu, hata kitu kimoja ulichokichora mara sita mpaka kikakubali. Anza leo, kurasa mbili kwa siku, na zile mbaya usizichane. Kama wana masomo ya jioni au ya nusu muda chukua hayo mwaka wa kwanza, mkono wako ulilala miaka 25, utaamka kwa maumivu.

Na mume asiyesema kitu muulize. Inawezekana anahesabu ada tu.

*Anti mtoto wangu wa miaka mitatu kachora juu ya picha yangu ya akriliki iliyokuwa inasubiri mteja. Krayoni na maka pen. Nisaidie haraka. (Naomba nisitajwe)*

Usiguse na spiriti! Spiriti inalainisha akriliki utaondoa na yako. Anza na kitambaa chenye maji na tone la sabuni, kama ile maka ni ya watoto itatoka. Krayoni ni nta, ikwangue taratibu kwa kadi ya plastiki, kilichobaki kifute kwa kifutio laini, usipake rangi juu ya nta maana rangi ya maji haishiki, itajikusanya kama umande. Maka ya kudumu hiyo haitoki, na ukipaka rangi juu tu itapenya ije juu baada ya siku kadhaa, kwahiyo ifunike kwanza kwa tabaka la vanishi ya kuzibia, ikauke kabisa, ndo upake.

Mteja mpigie mwambie umechelewa siku tatu. Mtoto usimpige, mnunulie karatasi kubwa, ibandike ukutani usawa wa kimo chake pembeni kabisa ya unapochorea, na picha zinazosubiri mteja zigeuze uso ukutani. Yangu iliyoharibiwa hivyo nimeitunza, ile sehemu ya mwanangu ina uhai kuliko yangu, nakiri kwa uchungu.

*Dada, mimi ni mwalimu wa sanaa shule ya msingi na nina watoto watatu. Kutwa nawafundisha watoto wa watu, jioni wa kwangu nao wanataka "tuchore mama", nikifika kwenye kazi zangu mwenyewe sina hata tone. Nimeanza kuuchukia udongo na rangi na hiyo inanitisha. (Nimekauka)*

Pole mwenzangu, hii naijua kwa ndani, nilifundisha miaka kumi na moja. Kinachokukausha sio watoto. Ni kwamba kutwa nzima wewe ni mtu wa kutazama kazi za wengine na kusema "vizuri sana, jaribu na hapa", jicho lako linakaa huduma kwa wateja kuanzia asubuhi, usiku unaliambia sasa lione la kwako, linagoma.

Mimi kilichoniokoa kilikuwa ni kubadilisha saa. Nilianza kufika shuleni mapema nikachora dakika ishirini darasani kabla kengele haijalia, peke yangu, kitu cha kwangu, naweka ndani ya droo. Siku hiyo hata wakinimaliza wananimaliza nikiwa nimeshapata. Jioni sikuchora kabisa, niliacha kabisa kujidai nitachora jioni. Na darasani, zoezi nikishalieleza nilikaa chini nikalifanya pamoja nao, sio ubaoni kuwaonyesha, kwenye karatasi yangu. Makelele yanapungua wakimwona mwalimu kainama anafanya kweli, sijui kwanini, jaribu utaona.

Halafu kuna Ruth Asawa. Huyu mama wa San Francisco alikuwa na watoto sita. Mwaka 1947 alijifunza Mexico namna ya kusokota waya kwa vitanzi, kama mtu anayefuma kikapu, akaja kutengeneza maumbo makubwa yanayoning'inia, moja ndani ya lingine. Alifanya kazi nyumbani watoto wakiwa wamemzunguka, na nadhani siri iko kwenye ule waya, unaweka kitanzi, unaenda kumfuta mtu makamasi, unarudi, kitanzi kiko palepale, hakijakauka wala kumwagika. Ndo maana kila mama anayeniandikia huwa namuuliza kwanza anatumia nini. Kuna vifaa vinavyokubali kukatizwa na kuna vinavyokununia.

Mwaka 1968 yeye na mama mwenzake wakaanzisha karakana ya sanaa kwenye shule ya watoto wao, vifaa vikiwa maboksi ya maziwa na trei za mayai. Walifinyanga pia donge la unga, chumvi na maji, lilelile tunalowapa watoto wachezee. Donge hilohilo ndo lilitumika kwenye chemchemi ya mapambo aliyoitengeneza 1973, sanamu ndogondogo za mji mzima, zilifinyangwa na watu wengi wakiwemo watoto wa shule halafu zikamiminwa kwa shaba. Kwahiyo "tuchore mama" ya jioni sio lazima iwe kodi unayolipa. Tazama wanachofanya. Mtoto wa miaka mitatu minne anachora mtu ambaye ni kichwa chenye miguu, hana tumbo, mikono inatokea masikioni, na watoto wengi wanapita hapo bila kufundishwa. Usimsahihishe. Muulize huyu anaenda wapi, halafu wewe kaa kimya uchore yule anayemsimulia.

Likizo ikija usifundishe tuisheni ya sanaa hata wakikubembeleza. Wiki moja tu mpe huyo msanii aliyekauka.

*Shikamoo dada. Mimi ni mume. Mke wangu anachonga mbao, kapata nafasi kwenye programu inayompa msanii chumba na wiki tatu afanye kazi zake tu, mbali na nyumbani. Tuna watoto wawili, 2 na 6. Nimemwambia aende nitamsaidia na watoto, badala ya kufurahi kanuna. Nimekosea wapi? (Nataka aende)*

Marahaba shemeji. Umekosea kwenye "nitamsaidia". Najua ulisema kwa mapenzi, ila ukisema unamsaidia na watoto maana yake watoto ni wake, na yeye huko aliko atabaki meneja, atapigiwa simu sweta liko wapi, dawa ya kikohozi kipimo gani, yule mkubwa ana mtihani lini. Atakuwa kaondoka mwili tu na patasi mkononi.

Sasa fanya hivi, na uanze wiki mbili kabla hajaondoka yeye akiwa yupo. Chukua siku nzima ya watoto, kuanzia kuamka hadi kulala, bila kumuuliza kitu. Utakosea. Yule wa miaka miwili atavaa viatu kinyume na dunia itaendelea. Yeye kazi yake siku hizo iwe kutokusema, na nakuhakikishia hiyo ni ngumu kwake kuliko kwako. Vitu ambavyo viko kichwani mwake tu, namba ya mwalimu, tarehe ya chanjo, mtoto gani haendi msalani bila taa, viandikwe jikoni ukutani mara moja, viwe mali ya nyumba. Wakati wa programu mkubaliane wakati mmoja wa simu kwa siku, apige yeye. Na hapo katikati watoto wakilia wanamtaka mama usimrekodie sauti ukamtumia.

Uliza pia waandaaji kama mtoto anaweza kwenda wikiendi ya katikati, programu nyingine zinaruhusu familia, nyingine hazitaki kabisa, ila wengi hawaulizi.

Wanaume waliofanya hivi wapo tangu zamani, ni kwamba tu hawatajwi. Lavinia Fontana, mchoraji wa Bologna karne ya 16, alizaa watoto kumi na mmoja na familia iliishi kwa brashi yake. Mumewe naye alikuwa mchoraji, akaziweka kando za kwake akawa anasimamia kazi za mkewe. Mwaka 1577, mwaka waliooana, Lavinia alijichora anapiga kinanda, nyuma yake dirishani inaonekana stendi yake ya kuchorea imesimama inamngoja.

Mwambie aende, bila hilo neno. Na akirudi usimkabidhi ripoti na watoto mlangoni. Atakuwa na vitu kichwani ambavyo havijatua, mpe siku mbili tatu za kukaa na mbao zake, na mlango ukigongwa enda wewe.